Ngitili Ambayo Sikuichora

Neno la kwanza la Kisukuma nililojifunza lilikuwa nduhu. Maana yake hakuna. Nilipouliza kama kijiji kina msitu, nikajibiwa nduhu. Miti ya asili? Nduhu. Mahali ambapo wazee walitunza majani ya ng'ombe, kama ilivyokuwa zamani? Nduhu, bwana misitu, hayo yaliisha. Walinijibu kwa adabu, wakanipa kigoda nikae, wakanipa na maji ya kunywa. Nikaandika nduhu zote kwenye daftari langu na kuwaamini kwa muda wa miezi miwili.

Miaka ile Bariadi ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Nilipelekwa pale nikiwa kijana niliyetoka kumaliza chuo cha misitu, mzaliwa wa milima ya Usambara, ambako msitu hauulizi uko wapi. Unaupita asubuhi ukienda shule, jioni unaupita tena. Nikakuta nchi tambarare, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa matairi mvua zikinyesha, shamba la pamba likigusana na shamba la pamba mpaka macho yanachoka. Zilikuwa siku za ruksa, biashara ikiwa imefunguliwa kwa yeyote. Chama cha ushirika, ambacho zamani kilinunua pamba peke yake, kilikuwa kinapumua kwa shida, na wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani zao. Kila mtu alitaka kulima zaidi ya mwaka jana. Na kila mtu alimwogopa mgeni, kwa kuwa kila wiki alishuka mgeni mpya na maneno mapya.

Mimi nilikuwa mmoja wa wageni hao. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi watu wafunge maeneo ili miti na majani virudi, kisha niyaandike na kuyachora. Wasukuma walikuwa na desturi hiyo kabla babu yangu hajazaliwa. Waliita ngitili. Mvua zikianza, mtu au ukoo hufunga kipande cha malisho, mnyama asiguse. Kiangazi kikikolea, hukifungua kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Neno hilo chuoni sikulisikia. Nilipewa kwenye semina ya siku mbili pale Bariadi mjini, nikaambiwa niende nikalifufue.

Kijiji nilichopangiwa kilikuwa upande wa kuelekea Nyalikungu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinitafutia chumba kwa mjane mmoja ambaye mji wake ulizungushiwa ua wa minyaa. Wanawe wa kiume walikuwa wamehamisha ng'ombe wengi upande wa Bukundi kutafuta malisho. Nyumbani alibaki yeye na mkamwana wake. Nilimwita mayu, yaani mama, kama kila mtu alivyomwita. Yeye aliniita bwana misitu, hata nilipougua homa na akanikalisha kitako kuninywesha uji.

Mwanzoni nilidhani nimewekwa kwake ili nitunzwe. Baadaye nilianza kushuku kwamba nimewekwa kwake ili nichungwe. Nikitoka, aliuliza naelekea wapi. Nikirudi, aliuliza nimepita wapi. Na kila nilipokwenda nilipewa mgambo wa kunisindikiza, kwa usalama wangu, alisema mwenyekiti, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hatari yenyewe ni ipi.

Mgambo yule alikuwa mwongo mbaya. Magharibi ya kijiji palikuwa na korongo refu, na kila tulipolikaribia aliniongoza tukate kushoto. Siku ya kwanza alisema ng'ambo kuna nyuki wakali. Wiki iliyofuata alisema kuna makaburi ya ukoo, wageni hawapiti. Mara ya tatu akasema korongo limejaa maji. Ulikuwa mwezi wa tisa, na vumbi lilikuwa limetufika magotini.

"Maji?" nikamwuliza.

"Huwa yanajaa ghafla," akasema, akaendelea kutembea.

Tangu siku hiyo sikuamini tena neno la mtu. Watu wakizungumza Kisukuma mbele yangu, nilihisi wananizungumzia mimi. Wakicheka, nilijitazama nguo. Nilikuwa na kitalu kidogo cha miche nyuma ya ofisi ya kijiji, nimekizungushia miiba kwa mikono yangu. Asubuhi moja nikakuta mbuzi ndani, wanne, wametulia kama waliokaribishwa. Miiba haikuvunjwa. Ilikuwa imesogezwa pembeni vizuri na kupangwa. Mwenyekiti alikuja, akatikisa kichwa, akasema mbuzi wa siku hizi wana akili sana.

Na wao walinishuku mimi. Hilo nililijua kupitia kwa mkamwana, aliyekuwa na Kiswahili kizuri cha shule na ulimi usiotulia. Aliniambia watu wanasema nimetumwa kupima nchi ili ipewe wenye hifadhi ya wanyama, au mzungu wa uwindaji, au tajiri wa mjini. Wengine walisema yote matatu.

"Na wewe unasemaje?" nikamwuliza.

"Mimi nasema ule, chakula kinapoa," akajibu.

Chakula ndicho kilichonifungua macho. Kijiji kizima kilipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Ukipita jioni, moshi wake ulikuwasha macho kutoka barabarani, na wanawake wazee walikuwa na macho mekundu kwa sababu hiyo. Kwa mayu palipikiwa kuni. Kuni za kweli, za mgunga, kavu, zimekatwa sawasawa na kupangwa nyuma ya jiko mahali ambapo mgeni hafiki. Kisha kulikuwa na maziwa. Mwezi wa kumi, ng'ombe wa watu wakiwa mifupa inayotembea au wakiwa mbali Bukundi, mimi niliwekewa kibuyu cha maziwa ya mgando karibu na ugali wangu wa mtama. Ndama wawili na ng'ombe mmoja mzee aliyechechemea walirudi kila siku kabla ya jua kuzama, matumbo yamejaa. Wamejaa nini? Hapakuwa na unyasi hai popote nilipopajua.

Nilifikiri vibaya. Nilifikiri anakata miti kwenye hifadhi ya serikali, au ana mtu anayemletea kwa njia ya wizi. Nilikaa mezani kwake nikila maziwa yake huku nikimpangia kosa.

Siku moja mwenyekiti alikwenda Bariadi kwenye kikao, na mgambo akaenda msibani. Nilichukua baiskeli kana kwamba naelekea barabarani, nikaificha kwenye minyaa, nikafuata nyayo za ng'ombe yule mzee. Mguu wake wa nyuma uliburuta na kuacha mstari kwenye vumbi. Hata mtoto asingeupoteza. Mstari ulinipeleka moja kwa moja hadi korongoni, ukashuka, ukapanda ng'ambo. Maji hayakuwapo. Nyuki pia sikuwaona.

Nilichokiona ni majani. Yamesimama yakiwa yamekauka, ya rangi ya dhahabu, yakinifika kiunoni, na juu yake migunga, mikwaju, na miti mingine ambayo sikuijua jina, mikubwa, yenye vivuli vilivyogusana. Ndege walikuwa wanapiga kelele. Sikuwa nimesikia kelele za namna ile tangu niondoke kwetu. Nilisimama nikasahau nilichokuja kukitafuta.

"Mwangaluka, bwana misitu."

Mayu alikuwa amekaa chini ya mgunga, mundu mkononi, fungu la majani miguuni. Hakuinuka. Nikaitikia salamu ile ya asubuhi kwa Kisukuma changu kibovu.

"Umefuata kuni au umefuata maziwa?" akaniuliza.

"Nimefuata ng'ombe."

"Gashi," akasema. Kumbe. "Nilimwambia mwanangu ng'ombe huyu auzwe."

Nilimwuliza kwa nini walinificha. Alinijibu huku akikata majani, bila kunitazama.

"Kabla serikali haijatuhamishia kijijini tulikuwa na ngitili kubwa kule kwetu. Ya baba mkwe wangu. Akaja kijana wa ofisi na daftari, mpole kama wewe. Mume wangu alimtembeza mpaka wote, kwa majivuno, akamchinjia na kuku. Yule kijana akaandika. Mwaka uliofuata ikawa shamba la kijiji. Kisha ikawa haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe unakijua. Walikuja watu wa mkaa, hata visiki waling'oa."

"Na hii?"

"Hii hatukumwonyesha mtu."

"Mwenyekiti anajua?"

Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Ya mwenyekiti iko juu kidogo, nyuma ya kile kilima. Unadhani mgambo alikuwa anakuficha ya nani?"

Kisha akaweka mundu chini. "Usiiandike."

"Sitaiandika, mayu."

Nilirudi nikijiona mtu mkubwa. Nimeaminiwa, nilijiambia. Sasa mimi ni wa hapa. Leo naona haikuwa hivyo. Hakuniamini, nilikuwa nimemkuta, na mtu aliyekutwa hana la kuchagua. Jioni ile aliniwekea maziwa kama kawaida, lakini akakaa karibu na mlango mpaka nilipomaliza, ananitazama mikono.

Ramani niliyotakiwa kupeleka wilayani niliichora mwezi wa kumi na moja, juu ya karatasi kubwa, kwa rangi za penseli. Mashamba njano. Makazi nyekundu. Malisho ya wote kijani nyepesi. Pale ng'ambo ya korongo sikupaka rangi yoyote. Nilipiga mstari wa korongo, kisha nikapaacha peupe, na nikajisikia mwaminifu. Karani aliyeipokea alikuwa mtu makini. Aliweka kidole pale pale.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu," nikamjibu.

Akaandika kwa wino, kwa mwandiko mzuri sana: eneo tupu. Nilimwona akiandika. Nikamshukuru, nikatoka.

Nakala moja ilirudi kijijini ikabandikwa ukutani ofisini. Nyingine zilikwenda nisikokujua.

Mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi moja tulisikia trekta. Nilikuwa nanawa uso. Mayu alitoka jikoni, akasikiliza, akageuza kichwa upande wa korongo, akanitazama. Alivua kanga ya begani, akaifunga kiunoni, akaondoka kwa hatua ambazo sikujua anazo. Nilimfuata mbio.

Trekta lilikuwa la mnunuzi mmoja wa pamba wa mjini, ambaye sasa alitaka kulima mwenyewe. Yeye hakuwapo. Dereva wake alikuwa na barua yenye muhuri, na pamoja na barua, ramani. Niliijua kabla hajaikunjua. Sehemu ya chini ya ngitili, ile iliyo karibu na korongo, ilikuwa tayari imepasuliwa, majani yamefunikwa udongo mweusi, na watu wawili wenye mashoka walikuwa wanaangusha mgunga wa nne.

"Mama, hapa pameandikwa hapana kitu," dereva alisema, kwa upole, kama anayemsaidia. Akamwonyesha kidole.

Mayu hakujua kusoma. Alitazama ile karatasi, akatazama rangi zake. Penseli zile alizijua. Zilikaa dirishani kwangu mwezi mzima.

Kuanzia siku hiyo mkamwana ndiye aliyeniletea chakula, akakiweka mlangoni. Kijijini ikasemwa nimeuza ngitili. Nimeuza kwa baiskeli mpya, walisema wengine, ingawa baiskeli yangu ilikuwa ile ile mbovu. Mimi nami nilimshuku mwenyekiti. Ile barua isingepata muhuri bila yeye, na ngitili yake nyuma ya kilima haikuguswa na trekta lolote. Nilipomwuliza, aliniuliza mimi: nani alipeleka ramani wilayani? Tulikaa ofisini tukitazamana, kila mmoja akiwa na hakika na mwenzake. Mpaka leo sijui. Nimeshajaribu kuipiga hesabu hiyo kwa njia nyingi, na kila njia inapita kwangu.

Mayu ndiye aliyedai mkutano wa kijiji. Alizunguka kaya kwa kaya, akiwa na wanawe waliorudi kutoka Bukundi. Watu walijaa uwanja wa shule, wanaume kwenye madawati, wanawake chini upande wa pili. Mwenyekiti alileta ramani, akaishikilia juu. Mayu alisimama.

"Nani amechora hii?"

Nikasimama. "Mimi, mayu."

"Ulifika ng'ambo ya korongo?"

"Nilifika."

"Uliona nini?"

"Niliona ngitili. Majani, na miti mikubwa. Niliona ndama wako."

Watu wakaguna. Mtu nyuma akasema neno ambalo sikulielewa, na sikuhitaji kulielewa.

"Mbona hapa hamna?"

"Uliniambia nisiandike."

"Nilikuambia usiandike yangu," akasema. Hakupaza sauti. "Sikukuambia uandike kwamba haipo."

Nilisema kosa ni langu, kwamba niliulizwa na karani na nikasema hapana kitu. Nilisema niko tayari kwenda wilayani kusema nilidanganya. Nikakaa. Dawati lilikuwa la watoto wadogo na magoti yangu yalinifika kifuani.

Kisha mzee mmoja, katekista wa kigango, mtu ambaye kila nilipomwuliza alinijibu nduhu akitabasamu, akainua mkono. "Na mimi ninayo," akasema. "Iko nyuma ya shamba langu la mpunga. Ndogo." Mke wake alimvuta shati. Akaendelea kusimama. "Kama ya mama huyu imechukuliwa kwa sababu haikuandikwa, yangu itachukuliwa kesho."

Mwingine akasimama. Kisha ndugu wawili ambao, nilivyosikia baadaye, walikuwa wakifichana wao kwa wao. Kila aliyesimama alitazamwa na majirani zake kwa mshangao na kwa hasira, kwa maana kila mmoja aliwahi kuomba kuni au majani kwa jirani aliyekuwa navyo, akaambiwa hakuna. Mwisho kabisa, watu walipoanza kumtazama yeye, mwenyekiti alisafisha koo akasema kwamba nyuma ya kilima kuna kitu kidogo, ambacho alikuwa anakitunza kwa niaba ya kijiji. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeamini pia.

Mambo hayakumalizika siku ile. Tulikwenda wilayani mara tatu, mimi, mayu na katekista. Karani yule yule alinitazama kama mtu aliyemchafulia daftari. Mwishowe ilikubaliwa kwamba mnunuzi avune pamba aliyokwisha kupanda sehemu ya chini, msimu ule mmoja, kisha aondoke. Aliondoka kweli. Miti haikurudi haraka kama yeye alivyoondoka. Kwa miaka mingi sehemu ile iliota magugu tu, na mmomonyoko ukatafuna ukingo wa korongo.

Sehemu ya juu ilibaki. Kijiji kiliandika sheria ndogo: kila ngitili na mwenyewe wake, ya ukoo ibaki ya ukoo, mipaka ionekane na majirani wote, anayekata mti bila ruhusa au kuingiza mifugo wakati wa kufungwa atozwe mbuzi. Waliikubali kwa mikono juu, kila mtu akimtazama jirani yake kwanza kabla ya kuinua wa kwake. Mwaka uliofuata mimi nilikuwa miongoni mwa watumishi waliopunguzwa kazini, kama wengi wa miaka ile. Nilibaki Bariadi mjini nikaanzisha kitalu changu cha miche, na wateja wangu wa kwanza walikuwa watu wa kijiji kile, ambao walihesabu miche mara mbili.

Lakini kabla sijaondoka kwake, sheria ile ilipigwa chapa na nakala zikagawiwa wenye ngitili. Mayu aliniita barazani. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu trekta lije. Alinipa karatasi.

"Soma."

Nikasoma, taratibu, kifungu kwa kifungu. Alipotajwa yeye na ngitili yake, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akataka tena. Kisha akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akachukua fimbo na kutoka. Mkamwana aliniambia amekwenda kwa katekista, naye amsomee.

Alikaa huko muda. Nilikuwa nafunga mizigo yangu aliporudi, vumbi miguuni. Alisimama mlangoni kwangu, akakaza macho kwenye sanduku langu, kisha usoni kwangu.

"Mmesoma sawa," akasema, akaingia jikoni.